Minyoo ya Mapafu kwa Mbwa: Mwongozo Kamili wa Namna Maambukizi Yanavyoenea na Yanavyogunduliwa

Wenye mbwa wengi wakisikia habari za minyoo ya mapafu husubiri kikohozi, na mbwa asipokohoa huona kwamba hana tatizo. Mimi ni fundi wa maabara katika kliniki ya wanyama kusini mwa Uingereza, na baadhi ya mbwa wagonjwa zaidi ambao sampuli zao zimepita mikononi mwangu hawakuwa wamekohoa hata siku moja. Mmoja aliletwa kwa sababu ufizi wake ulikuwa unavuja damu, mwingine kwa sababu jeraha dogo la upasuaji halikukauka, na mwingine kwa sababu aliamka asubuhi akiwa na degedege. Wote watatu walikuwa na mnyoo yuleyule, na wote watatu walikuwa wamepewa "dawa ya minyoo" kila baada ya miezi mitatu bila kukosa. Kwa hiyo nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wenye mbwa, na pia kwa wenzangu wa maabara na kliniki ndogo, nikikaa zaidi kwenye sehemu ambayo makosa hutokea mara nyingi, yaani ukusanyaji na upimaji wa kinyesi.

Mnyoo tunayemzungumzia

Jina lake la kisayansi ni Angiostrongylus vasorum. Alionekana kwanza katika mbwa wa Toulouse, Ufaransa, katikati ya karne ya 19, na mtaalamu aitwaye Baillet akampa jina mwaka 1866. Ingawa tunamwita mnyoo wa mapafu, mnyoo aliyekomaa hakai ndani ya mapafu yenyewe, bali hukaa katika upande wa kulia wa moyo na katika ateri inayopeleka damu mapafuni. Ni mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wake ni kati ya milimita 14 na 21, na jike hutambulika kwa macho kwa sababu mirija yake myeupe ya uzazi hujiviringisha kuuzunguka utumbo uliojaa damu, hata akaonekana kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe.

Makazi hayo ndiyo yanayoeleza ugonjwa wote. Mnyoo anayekaa ndani ya mshipa wa damu huudhuru mshipa, huvuruga mfumo wa kugandisha damu, na hutaga mayai ambayo husukumwa na damu hadi kwenye vijishipa vyembamba vya mapafu na kukwama humo. Mapafu huumia kwa sababu ya mayai na lava, yaani minyoo wachanga wanaoanguliwa kutoka kwenye mayai hayo, moyo huumia kwa sababu ya kusukuma damu kwenye mishipa iliyoziba, na damu inaweza kuvuja popote mwilini, hata ndani ya ubongo na uti wa mgongo.

Wako minyoo wengine wanaoitwa kwa jina hilohilo, na ni lazima kuwatenganisha. Crenosoma vulpis, mnyoo wa mbweha, hukaa katika njia za hewa, huleta kikohozi cha muda mrefu, na kwa kawaida si mwuaji. Oslerus osleri hutengeneza vinundu karibu na mahali koo la hewa linapogawanyika, na yeye hahitaji konokono, kwa kuwa mama humwambukiza mtoto kwa mate anapomlamba au kumtapikia chakula. Eucoleus aerophilus hutambuliwa kwa mayai yake yenye kizibo kila ncha. Hawa watatu nitawataja tu pale wanapoweza kuchanganywa na yule wa kwanza chini ya hadubini.

Safari yake kutoka kwa konokono hadi kwenye moyo

Mbwa mgonjwa hutoa lava wa hatua ya kwanza katika kinyesi chake. Lava huyo hawezi kumwambukiza mbwa mwingine moja kwa moja. Ni lazima kwanza aingie ndani ya konokono au koa, yaani yule jamaa wa konokono asiye na gamba, ambaye hupenda kula kinyesi au kutambaa juu yake. Ndani ya koa lava hubadilika mara mbili hadi kufikia hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayoambukiza, na kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu kukiwa na joto la kutosha, na muda mrefu zaidi kukiwa na baridi.

Mbwa humla koa kwa kukusudia au bila kujua: akila majani, akinywa maji ya bakuli lililolala nje, akitafuna fimbo au mpira uliolala bustanini ukapandwa na vijikoa vidogo kuliko punje ya mchele. Chura naye anaweza kumhifadhi lava, na majaribio yameonyesha kwamba hata kuku aliyekula konokono anaweza kumbeba. Imeonekana pia kwamba konokono waliozama majini huachia lava wa hatua ya tatu, jambo ambalo linatosha kunifanya nimwage maji ya bakuli la nje kila jioni.

Lava akishamezwa hutoboa ukuta wa utumbo, hukua katika tezi za limfu za tumboni, kisha hufuata mishipa kupitia ini hadi moyoni. Minyoo hukomaa na kuanza kutaga, mayai huanguliwa mapafuni, lava hupenya kwenye vifuko vya hewa, hukoholewa hadi kooni, humezwa, na kutoka na kinyesi. Tangu siku mbwa alipomla koa hadi siku lava wa kwanza anapoonekana kwenye kinyesi hupita kwa kawaida siku 38 hadi 57, mara nyingine pungufu ya hapo au zaidi. Ndugu msomaji, uishike hesabu hiyo, kwa sababu mbwa aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita anaweza kupimwa kinyesi kwa ustadi wote na asionekane na kitu. Baada ya hapo, asipotibiwa, anaweza kuendelea kutoa lava kwa miaka, pengine maisha yake yote.

Jinsi maambukizi yalivyosambaa

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulijulikana kama jambo la sehemu chache: kusini-magharibi mwa Ufaransa, baadhi ya maeneo ya Ayalandi na Denmark. Uingereza iliwaona kwanza mbwa walioletwa kutoka nje, kisha mapema katika miaka ya 1980 ikathibitika kwamba mzunguko mzima, wa mbwa na makoa, ulikuwa umejijenga huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baadaye yakafuata maeneo ya kusini mwa Wales na kusini-mashariki mwa Uingereza, na mwaka 2009 ikatangazwa taarifa ya mbwa wa Uskoti. Upande wa pili wa bahari, kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada kina maambukizi yaliyotulia kwa mbwa na mbweha, na Brazili na Kolombia nazo zina taarifa zake.

Anayeibeba zaidi hatari hii ni mbweha mwekundu. Yeye huambukizwa kama mbwa, huishi na minyoo bila kutibiwa, na huzunguka usiku kucha katika bustani za watu akiacha kinyesi. Uchunguzi wa mbweha wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta asilimia 7.3 wana mnyoo huyu. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta asilimia 18.3, na kusini-mashariki ilikuwa karibu nusu ya mbweha wote waliopimwa. Ongezeko hilo ndilo linalonifanya nisikubali kauli ya mwenye mbwa anayesema kwamba mbwa wake hachezi na mbwa wengine, kwa hiyo hawezi kuambukizwa. Mbwa anaweza kuishi peke yake nyuma ya ua mrefu na bado akapata maambukizi kutoka kwa mbweha asiyewahi kumwona.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani kwamba habari hii ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1972 ilichapishwa taarifa ya mnyoo huyu katika mbwa wa Uganda. Na konokono mkubwa wa pwani yetu, Achatina fulica, yule ambaye watoto humwokota chini ya migomba mvua ikinyesha, alithibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 1974 kwamba anaweza kumlea lava wa mnyoo huyu hadi hatua ya kuambukiza. Hilo si ushahidi kwamba mbwa wa Tanga au Mombasa wanaugua, lakini linatosha kumfanya daktari wa huko asilifute jina hili katika orodha yake, hasa kwa mbwa aliyesafirishwa kutoka Ulaya na familia iliyorudi nyumbani.

Hatua ya kwanza: kupima hatari ya mbwa wako

Kabla ya kwenda kliniki, andika majibu ya maswali machache, kwa kuwa daktari atayauliza, na mtu akiulizwa ghafla husahau. Mbwa ana umri gani? Ugonjwa huonekana zaidi kwa mbwa wachanga, hasa walio chini ya miezi 18, kwa sababu ndio wanaookota kila kitu kwa mdomo, ingawa hakuna umri ulio salama. Je, umewahi kumwona akila konokono, koa, majani au kinyesi? Ameishi wapi, na amesafiri wapi katika miaka miwili iliyopita? Je, mbweha hufika nyumbani kwako?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: amepewa dawa gani, tarehe gani? Usiandike "dawa ya minyoo" tu. Leta pakiti yenyewe au andika jina la kiungo chake. Praziquantel huua tegu, na haimgusi mnyoo huyu. Fenbendazole ikitolewa siku chache kila robo mwaka haizuii maambukizi, japokuwa dawa hiyohiyo ikitolewa kwa muda mrefu ni tiba. Mkanda wa kuzuia viroboto hauna msaada wowote hapa. Wale mbwa watatu niliowataja mwanzoni walikuwa wamepewa dawa nzuri kwa minyoo mingine.

Hatua ya pili: kuzitambua dalili, hata zile zisizofanana na ugonjwa wa mapafu

Dalili za kifua ni kikohozi, kupumua kwa haraka au kwa shida, na kuchoka mapema katika matembezi ambayo zamani mbwa aliyamudu. Shinikizo la damu likipanda katika mishipa ya mapafu, mbwa anaweza kuzimia akikimbia au akifurahi, na tumbo linaweza kujaa maji.

Dalili za damu ndizo zinazopita bila kutambuliwa. Fungua mdomo wa mbwa uangalie ufizi. Vuta kope uangalie weupe wa jicho. Mgeuze utazame ngozi ya tumbo na ya mapaja kwa ndani, ukitafuta madoadoa mekundu au michubuko isiyo na sababu. Angalia pia kama damu huchelewa kukoma baada ya kucha kukatwa au baada ya sindano, kama pua inatoka damu, na kama kinyesi kimekuwa cheusi. Damu ikivuja ndani ya ubongo au uti wa mgongo, mbwa huinamisha kichwa upande, huyumba, hupoteza uwezo wa kuona, hushikwa na degedege au hushindwa kusimama kwa maumivu ya mgongo. Kuna mbwa ambaye dalili zake ni kukonda, kutapika na kulala sana tu, na kuna ambaye hana dalili yoyote hadi siku anapokufa ghafla.

Mbwa anayepumua kwa shida, mwenye ufizi mweupe, anayevuja damu isiyokoma au mwenye degedege hasubiri sampuli za siku tatu. Huyo hupelekwa kliniki saa hiyohiyo, na ajulishwe daktari kabla mtu hajamchoma sindano wala kumfanyia upasuaji, hata ule mdogo wa kuhasi, kwamba kuna shaka ya mnyoo huyu.

Hatua ya tatu: kukusanya kinyesi kwa siku tatu

Mnyoo hatoi lava kwa kiwango kilekile kila siku. Leo kinyesi kinaweza kuwa na mamia, kesho kisiwe na hata mmoja. Kwa hiyo sampuli ya siku moja ikikosa lava haithibitishi kitu, na majibu mengi ya uongo ninayoyajua yametokana na mtu kuleta kipande kimoja, cha siku moja, alichokiokota uani bila kujua kimelala hapo tangu lini.

Fuata mbwa wako asubuhi ukiwa na mfuko safi au kopo lenye kifuniko. Chukua kinyesi mara tu kinapotoka, tena sehemu ya juu isiyogusa ardhi, kiasi cha kijiko cha chai kilichojaa, ambacho ni kama gramu tano. Udongo na majani vina minyoo yao midogo wanaoishi huru, na wakiingia kwenye kinyesi kilicholala watatembea ndani ya maji ya kipimo kama wale tunaowatafuta. Katika nchi za joto kuna tatizo la ziada: mayai ya safura ya mbwa huweza kuanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na kinyesi kilichotoka bila lava kikawa na lava wengi kabla hakijafika maabara.

Andika tarehe kwenye kopo, lifunge, uliweke kwenye friji sehemu ya kawaida, mbali na chakula. Usiligandishe kwenye friza, wala usitie formalini, spiriti au dawa nyingine yoyote, kwa sababu kipimo kinachofuata kinategemea lava wawe hai na wenye nguvu ya kuogelea. Rudia siku ya pili na ya tatu, kisha peleka makopo yote matatu siku hiyo ya tatu. Usimpe mbwa dawa yoyote ya minyoo katikati ya siku hizo ila kwa agizo la daktari, na nawa mikono kwa sabuni. Mnyoo huyu hamwambukizi binadamu, lakini kinyesi cha mbwa kina wengine wanaoambukiza.

Hatua ya nne: kipimo cha Baermann

Sehemu hii ni ya wenzangu wa maabara, ingawa mwenye mbwa akiielewa ataelewa pia kwa nini tunamsumbua kuhusu sampuli. Kipimo cha kawaida cha kuelea, ambamo kinyesi huchanganywa na maji mazito ya chumvi au sukari ili mayai yapande juu, hakifai kwa kazi hii: maji hayo humfyonza lava, naye hunywea na kuharibika umbo asitambulike. Kipimo cha Baermann kinafuata ukweli mmoja rahisi, kwamba lava akikutana na maji hutoka kwenye kinyesi na kuanza kujinyonganyonga, lakini hawezi kuogelea dhidi ya uzito wake, kwa hiyo huzama.

Funga faneli kwenye stendi. Vika mpira laini kwenye shina lake, na uubane kwa kibanio ili maji yasitoke. Pima gramu 10 hivi za mchanganyiko wa sampuli tatu, uzifunge ndani ya shashi ya tabaka mbili kama unavyofunga viungo vya pilau, kisha uning'inize kifungu hicho kwenye kijiti kilicholazwa juu ya mdomo wa faneli. Mimina maji ya uvuguvugu polepole kupitia ukingoni hadi kifungu kizame chote, ukihakikisha hakuna povu la hewa lililokwama kwenye shina, kwa kuwa povu hilo huwazuia lava kushuka. Maji yasiwe ya moto. Yakichoma kiganja yatawaua. Acha vitulie kwenye joto la kawaida la chumba kwa saa 12 hadi 24, bila kuvigusa na bila kuvisogeza.

Muda ukifika, legeza kibanio upokee mililita 10 za kwanza katika mrija. Zungusha kwenye mashine ya sentrifuji kwa kasi ndogo kwa dakika tano, au kama kliniki haina mashine, acha mrija usimame wima kwa nusu saa. Nyonya maji ya juu uyamwage, chukua tone la chini kabisa, liweke kwenye kioo na ulifunike. Anza na ukuzaji mdogo wa mara 40 ukitafuta kitu kinachojinyonganyonga, kisha upande hadi mara 100. Ukishamwona akitembea, ongeza tone la iodini ili atulie na umbo lake lionekane vizuri. Kliniki isiyo na faneli inaweza kutumia glasi yenye kitako chembamba, kifungu cha shashi kikaning'inizwa ndani yake, na tone likavutwa kutoka chini kwa pipeti ndefu.

Kumwona lava hakutoshi. Ni lazima umtambue, na mahali pa kutazama ni mkia. Lava wa Angiostrongylus vasorum ana urefu wa takriban mikromita 310 hadi 400, na mkia wake umepinda kama herufi S, ukiwa na kijimwiba upande wa mgongoni. Lava wa Crenosoma ni mfupi kidogo na mkia wake umenyooka ukichongoka. Lava wa Oslerus naye ana mkia uliopinda lakini hana kijimwiba, tena ni mzito wa mwendo, kwa hiyo Baermann mara nyingi humkosa na ni afadhali daktari aingize kamera kwenye koo la hewa. Kwa maabara za kwetu Afrika Mashariki naongeza tahadhari kuhusu Strongyloides stercoralis, ambaye lava wake hutoka kwenye kinyesi kibichi kabisa. Huyo mkia wake umenyooka, na tena ni mnyoo anayeweza kumwambukiza binadamu. Mtu asiandike "minyoo ya mapafu" kwa sababu tu ameona kitu kinachotembea.

Hatua ya tano: damu na picha

Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani chembechembe za mnyoo zinazopatikana katika damu ya mbwa, kinachouzwa kwa jina la Angio Detect, hutumia matone machache ya seramu au plazima na hutoa jibu ndani ya kama dakika 15. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba kiliwatambua asilimia 84.6 ya mbwa walioambukizwa, na hakikumsingizia hata mmoja asiye na mnyoo huyu. Maana yake katika kazi ya kila siku ni hii: jibu la "ndiyo" liaminiwe na tiba ianze, lakini jibu la "hapana" kwa mbwa mwenye dalili lisifunge jalada. Antijeni pia huhitaji muda kujikusanya, na kabla ya wiki ya tisa hivi tangu kuambukizwa jibu la "hapana" lina thamani ndogo.

Kwa maoni yangu, mbwa mwenye dalili apimwe antijeni siku anayofika, na makopo ya kinyesi yaanze kukusanywa siku hiyohiyo, kwa sababu kila kipimo huokota wale ambao kingine kimewakosa. Pale ambapo kipimo cha PCR kinapatikana, kinaweza kutafuta vinasaba vya mnyoo katika damu, kinyesi, au maji yaliyosafishiwa mapafu. Yote yakisema "hapana" na shaka ikabaki, rudia baada ya wiki chache. Na kama hali ni mbaya, daktari anaweza kuamua kutibu bila kungoja.

Pamoja na hayo, daktari atapima kuganda kwa damu, hesabu ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na chembe nyeupe aina ya eosinofili, na kiwango cha kalsiamu, ambacho kwa baadhi ya mbwa hawa hupanda. Picha ya eksrei huonyesha ukungu mapafuni, mara nyingi zaidi kwenye kingo, na ultrasaundi ya moyo huonyesha kama upande wa kulia umeelemewa. Hakuna kati ya hivi kinachomtaja mnyoo kwa jina, ila huonyesha mbwa ameumia kiasi gani na kama ni salama kumtibu akiwa nyumbani.

Kwa daktari wa Nairobi, Arusha au Mombasa, mbwa anayevuja damu afikiriwe kwanza kwa upande wa ugonjwa wa erlikia unaoletwa na kupe, na mbwa anayekohoa na kuchoka afikiriwe pia kwa upande wa mnyoo wa moyo unaoletwa na mbu. Hapa pana mtego: baadhi ya vipimo vya haraka vya mnyoo wa moyo vimewahi kutoa jibu la "ndiyo" kwa mbwa mwenye Angiostrongylus vasorum. Jibu hilo likitoka kwa mbwa aliyetoka Ulaya, kinyesi cha siku tatu kipimwe kabla ya kuanza tiba ya mnyoo wa moyo, ambayo ni nzito na ina hatari zake.

Hatua ya sita: tiba, kwa ufupi

Tiba ni ya daktari. Dawa zinazotumika ni moxidectin ya kudondoshea kwenye ngozi ya shingo, milbemycin ya kumeza kila wiki kwa wiki nne, au fenbendazole ya kila siku kwa wiki kadhaa. Usijitafutie ivermectin ya ng'ombe dukani. Mbwa wa jamii ya collie na wengine wenye kasoro fulani ya kurithi huweza kufa kwayo. Mbwa apumzishwe, asikimbizwe, kwa sababu minyoo wanaokufa huziba mishipa na siku za kwanza za tiba kupumua kunaweza kuwa kugumu zaidi. Mwenye kupumua vibaya au kuvuja damu hulazwa.

Hatua ya saba: kinga ya kila mwezi

Dawa zinazokinga kwa kweli ni zile zenye moxidectin au milbemycin, zinazotolewa kila mwezi bila kuruka, na nchini Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari wa wanyama. Mwezi mmoja uliorukwa katika vuli yenye mvua ni mlango uliofunguliwa, kwa hiyo weka tarehe kwenye simu.

Mengine ni usafi: okota kinyesi kila siku, kabla makoa hawajatoka jioni, ingiza ndani mabakuli na vitu vya kuchezea, kata majani marefu karibu na mlango. Usimwage sumu ya konokono yenye metaldehyde. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake ya nje mwaka 2022, na mahali inapouzwa bado, mbwa huvutiwa nayo kama chakula na hufa kwa mitetemeko ndani ya saa chache.

Hatua ya nane: kupima tena baada ya tiba

Hatua hii huachwa kuliko zote, kwa sababu mbwa akishaanza kula na kukimbia, mwenyewe huona kazi imekwisha. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha moxidectin na fenbendazole ya siku 20, na mafanikio yakawa asilimia 85.2 kwa ya kwanza na 91.3 kwa ya pili. Dawa zote mbili ni nzuri, na bado kila moja iliacha mbwa ambao hawakupona. Kwa hiyo wiki tatu hadi sita baada ya dawa kumalizika, kusanya tena makopo matatu ya siku tatu mfululizo kwa utaratibu uleule na uyapeleke kwenye kipimo cha Baermann, hata kama mbwa anaonekana mzima. Lava wakionekana, tiba hurudiwa, na kipimo hurudiwa baada yake. Kama kuna mbwa mwingine nyumbani, naye apimwe wakati huohuo, kwa kuwa bustani aliyotembea yule wa kwanza ndiyo hiyohiyo anayotembea yeye.